Kamba Isiyo na Mwenyewe

Mwanamke mmoja alikuwa na macho mawili mazuri, akayapoteza yote mawili. Yalififia polepole kama rangi ya kanga inayofuliwa kila siku, mpaka asubuhi moja akauliza mbona leo hakujakucha, na watu wa nyumbani wakatazamana. Aliitwa Mize binti Pandu. Alikuwa mjane, mama wa binti mmoja, na kazi yake ilikuwa kusokota kamba za usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi.

Nchi aliyoishi ni ya mawe. Ardhi yote ni tumbawe la kale lenye ncha za kukata viatu, na katikati ya mawe mna mashimo yaliyofunikwa na majani, ambamo mbuzi akitumbukia hasikiki tena. Mwenye macho hupita kwa kuangalia anapokanyaga. Asiyeona hukaa nyumbani, au husubiri mtu wa kumshika mkono. Na kukaa nyumbani, kwa mtu aliyezoea kutembea, ni nusu ya kuzikwa.

Lakini kijiji kile kilikuwa na kamba. Hakuna aliyejua kwa hakika nani aliianza. Wengine husema ni mwanamke aliyekuwa na baba kipofu, akafunga kamba kutoka mlangoni hadi kisimani ili mzee ajitekee maji bila kuomba. Jirani akaona, akaongeza kipande mpaka msikitini. Mwingine akaunga hadi sokoni, mwingine hadi shuleni, mwingine hadi kijiji cha pili, ambako nao walikuwa na kamba zao. Ikafika mahali kamba imezunguka nchi nzima ya mawe, imefungwa kwenye miti, kwenye vigingi, kwenye pembe za nyumba, wala haikuwa mali ya mtu. Wasioona waliifuata mchana. Wanaoona waliifuata usiku, jambo ambalo hawakupenda kulisema.

Ilitengenezwa kwa makumbi ya nazi, na kila aijuaye kazi hiyo anajua ubaya wake. Makumbi hufukiwa katika matope ya pwani miezi mingi mpaka yaoze, na harufu yake haitoki mikononi hata kwa sabuni. Kisha hupondwa kwa gongo, nyuzi zikatolewa, zikasokotwa juu ya paja mpaka paja likafanya sugu. Kila msokotaji ana mkono wake. Mamake Mize, Mungu amrehemu, alikuwa wa shoto, na kamba yake ilipinda upande ambao kamba ya mtu mwingine yeyote pwani ile haikupinda. Na walikuwa na desturi moja ambayo wageni waliidhania uvivu: aliyeongeza kipande hakufunga fundo mwishoni. Aliiacha ncha imechambuka, nyuzi wazi. Ukimuuliza mbona hakumaliza kazi, angekujibu kwamba anayefunga ncha amemfungia mwenzake njia.

Mize alipopoteza macho alishika kamba hiyo akatembea. Isidhaniwe ilikuwa raha. Kamba ya usumba inakwaruza. Mvua ikinyesha inavimba na kunuka. Mahali pengine ililegea hata mtu akajikuta amepiga magoti, na kuna bwana mmoja aliyeunga kipande vibaya, akawa anawapeleka watu katika zizi la mbuzi la shemeji yake badala ya sokoni. Ukilalamika, uliambiwa usumba ule pale, keti usokote. Na siku moja, katika njia ya kusini, Mize alinyoosha mkono akashika hewa. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pale palikuwa ukingoni mwa shimo. Alitolewa humo akiwa na goti lililopasuka na hasira kubwa kuliko goti. Akasema mbele za watu kwamba kitu cha wote hakina wa kukitunza, na kwamba hataishika tena.

Wakati huohuo tajiri mmoja aitwaye Salmini alifungua njia yake. Ilikuwa na nguzo zilizopakwa rangi, na kamba iliyovishwa kitambaa laini cha melimeli, isiyokwaruza wala kulegea. Penye kila nguzo kubwa alikaa mtu mwenye mtungi wa maji na maneno mazuri. Na yote hayo yalitolewa bure. Salmini alitaka jambo moja tu, tena dogo: kila mpitaji avae mkononi kikuku chenye njuga, kila njuga na mlio wake, ili asije akapotea. Njuga ikilia, mkaa nguzoni alijua ni nani anakuja, akamwita kwa jina.

Mwenye macho hawezi kujua hilo lilikuwa tamu kiasi gani. Asiyeona hupita katikati ya watu na hajui nani amemwona akanyamaza. Sasa Mize alikaribishwa kila hatua: karibu Bi Mize, pole na goti, angalia kuna unyevu hapo. Akisimama kidogo kunusa changu wa kukaanga, kesho yake muuza samaki yuko mlangoni kwake na changu. Akiigusa kanga na kuirudisha, kesho kanga ileile inapita barazani kwake kwa bei ya kuvutia. Alistaajabu, akadhani ni mapenzi. Shangazi yake alimwambia usiache mbachao kwa msala upitao, naye akajibu kwamba mbacha wake ulimpasua goti. Ilikuwa kweli. Wala hakuna kati yao aliyejiuliza muuza samaki alijuaje, wala Salmini, anayetoa vyote bure, yeye mwenyewe anakula nini.

Basi yule binti wa Mize, Riziki, alikuwa ameolewa na mtu aitwaye Mcha, na Mcha alikuwa na mkono mwepesi. Mara ya kwanza alipompiga mkewe watu walisema ni shetani. Mara ya pili walisema ni njaa. Ilipofika mara ambayo Riziki alitema jino, hakungoja tena watu waseme. Alitoroka, akafichwa na mama mmoja mponda makumbi, Bi Tatu, aliyekaa peke yake mwisho wa mawe, huku shauri lake likisubiri kusikilizwa na kadhi. Mcha alikuwa ameapa kwamba akimpata kabla ya siku hiyo, kadhi atakuta maiti. Watu wa kijiji hawakujua Riziki yuko wapi. Aliyejua ni mama yake tu, na kila alasiri alimpelekea chakula katika kikapu: alifuata melimeli ya Salmini mpaka nguzo ya mwisho, kisha akamalizia mchangani kwa miguu yake, akilifuata gongo la Bi Tatu kwa masikio.

Siku moja kabla ya shauri, Mize alikuwa nusu ya njia. Mkaa nguzoni wa hapo aliitwa Faki, mtu mpole asiyeweza kumdhuru kuku. Alimpa maji, akamuuliza hali, kisha akamwambia kwa furaha ya mtu anayeleta habari njema:

"Mkweo yuko nguzo ya mwisho, Bi Mize. Kaja kuulizia unapita wakati gani na unaishia wapi, tukamwambia. Anasema leo atakubebea kikapu mpaka huko unakokwenda."

Mize aliikaza kamba kwa mkono wote, kwa nguvu za mtu anayeanguka, na mshono wa melimeli ukafumuka chini ya vidole vyake. Vidole vikazama ndani. Huko ndani vikakuta usumba. Akaupapasa msokoto, akaupapasa tena, maana hakuamini: ulikuwa umepinda upande wa shoto.

Ilikuwa kamba ya mamake. Salmini hakuiba, na hilo lisemwe wazi. Kamba ilikuwa ya wote, na yeye ni mmoja wa wote. Aliichukua kama ambavyo yeyote angeichukua, akaiosha, akaivisha, akaitundikia njuga. Miaka yote ile Mize alikuwa akikisifu kitambaa, na kilichombeba asianguke ni paja la mama yake. Mwili ulimsisimka pale nguzoni, mchana kweupe, na kwa kitambo kidogo akasahau hata hofu. Kisha hofu ikarudi. Akamwambia Faki kwamba amesahau chumvi, akageuka, na njuga yake ikamfuata ikimtangaza hatua kwa hatua mpaka nyumbani.

Kikuku kile kilikuwa hakina pa kufungulia. Alipovishwa hakuuliza, na sasa hakukuwa na wa kumuuliza. Alijipaka mafuta ya nazi mpaka kiwiko, akavuta mpaka ngozi ya kidole gumba ikabaki kwenye chuma, kikatoka. Akakitungia kamba, akamfunga nayo mbuzi wake shingoni, mbuzi mlafi ambaye kila akifunguliwa huenda moja kwa moja sokoni kula maganda ya ndizi. Akamfungua. Alasiri ile nzima wakaa nguzoni walipokezana habari kwamba Bi Mize yuko sokoni, amesimama penye ndizi, bado yuko penye ndizi. Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo tusemavyo, lakini wale walikuwa wameacha zamani kutazama watu. Walisikiliza njuga tu.

Naye Mize akaenda nyuma ya nyumba, kwenye mnazi ambapo kamba ya kale ilikuwa imefungwa, akaishika. Begani alikuwa amejitwika bunda la kamba alilolisokota mwenyewe, lililokuwa likingoja kuuzwa. Hakujua analichukulia nini. Mtu wa kazi huondoka na kazi yake.

Ilimkwaruza palepale, kama inayomuuliza ulikuwa wapi. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hiyo ilikuwa njia ya kusini, njia ya lile shimo, na hakukuwa na nyingine ya kufika kwa Bi Tatu bila kupita nguzo ya mwisho. Alijua mbele yake pana mahali ambapo mkono utashika hewa. Akasoma dua alizozijua, akatembea.

Na mikono yake, iliyokuwa imelala muda mrefu katika melimeli, ikaanza kuamka. Ilikuta kipande cha mzee fulani aliyekufa zamani, msokoto mnene, mtu asiyependa kubahatisha. Ikakuta kamba ya nyavu, ya wavuvi wasio na usumba lakini wenye nia. Ikakuta mahali palipofungwa kwa utambi wa kanga, fundo la haraka, la mama aliyekuwa na mtoto mgongoni au chungu jikoni. Ikakuta mafundo mabaya kabisa ya watoto wa shule, matatu pale ambapo moja lingetosha, na juu yake mkono wa mtu mzima uliokaza bila kuyafungua, ili watoto wasivunjike moyo. Ikakuta tena shoto ya mamake, hii ikiwa wazi, bila kitambaa, imelainishwa na viganja vya watu ambao mamake hakuwahi kuwajua. Mize alikuwa msokotaji tangu utotoni na alikuwa hajawahi kuifikiria kamba yote kwa pamoja. Sasa ilimjia yote kwa mara moja, jinsi ilivyokuwa ndefu na jinsi walivyokuwa wengi, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyelazimishwa. Ilimwogopesha, hofu ile ambayo mtu huipata anapoingia msikitini peke yake.

Alipofika penye shimo alijua kwa harufu ya ubaridi wake. Akapunguza mwendo. Akanyoosha mkono polepole, tayari kushika hewa.

Akashika kamba. Ilikuwa imeunganishwa, tena haikupita palepale pa zamani: ilikuwa imehamishwa mbali na ukingo, na chini yake mguu wake ukagusa ukuta mfupi wa mawe uliopangwa kwa mkono. Akalitafuta fundo la aliyeunga, apate kujua amshukuru nani. Akalipata, na hakulijua. Halikuwa fundo la kijiji kile, wala la kijiji cha pili. Mtu wa mbali, asiyekuwa na jamaa pale, alipita akaona kamba imekatika penye shimo, akaweka chini mzigo wake, akabeba mawe, akasokota, akaunga, akaondoka. Hakuacha jina. Mize, aliyekuwa amesema mbele za watu kwamba kitu cha wote hakina wa kukitunza, alisimama mbele ya fundo lile na machozi yakimtoka katika macho yale yasiyokuwa na kazi nyingine. Aliona haya, akafurahi, na hakuweza kusema lipi lilitangulia. Kisha akakumbuka mwanawe, akaenda mbio kadiri kipofu anavyoweza.

Kamba iliishia kabla ya kufika. Ncha yake ilikuwa wazi, nyuzi zimechambuka, inangoja. Mbele palikuwa na mawe matupu, na ng'ambo ya mawe lilisikika gongo la Bi Tatu likiponda makumbi. Mize akaketi chini, akafungua bunda lake, akazichanganya nyuzi zake na zile nyuzi wazi, akaunga kama alivyofundishwa. Akatambaa kuelekea kwenye lile gongo, akifunga kamba kwenye kila kichaka na kila jiwe lenye shingo, mpaka mkono wake ukagusa mlango. Ncha ya mwisho hakuifunga fundo.

Jua lilipozama, asiyeona alimwongoza anayeona. Riziki alishika kamba nyuma ya mama yake na wakapita mawe yote bila taa wala sauti, wakatokea upande wa pili, nyumbani kwa kadhi, wakabisha hodi. Mke wa kadhi akawafungulia, akampa Riziki pa kulala katikati ya binti zake. Huku nguzo ya mwisho Mcha alisubiri mpaka mbu wakamchosha, kila akiuliza akiambiwa mama mkwe bado yupo sokoni, penye ndizi. Kesho yake shauri likasikilizwa, jino likaonyeshwa, na Riziki akatoka mikononi mwa Mcha akiwa hai.

Haikupita siku nyingi Salmini akamtuma mtu kwa Mize. Mjumbe alikuja na kikuku kipya cha fedha, na maneno mengi ya kuomba radhi. Akaeleza kwamba lile la mkwewe lilikuwa bahati mbaya, kwamba siku hizi wakaa nguzoni wameonywa, kwamba njia imewekewa hata vivuli vya kupumzikia. Mize alimsikiliza, maana alikuwa mtu wa adabu, na yeye mwenyewe alijua melimeli ilivyo laini. Mjumbe akaona amemlegeza. Akamalizia kwa kumshangaa mtu mzima mwenye akili zake kurudi kuchubua mikono kwenye kamba ambayo, ikikatika, hakuna hata wa kumlalamikia, kwa sababu haina mwenyewe.

"Haina mwenyewe," Mize alisema. "Basi hakuna wa kuniuza."

Akaurudisha mkono wake chini ya kanga, na mjumbe akaondoka na kikuku chake. Wapo wengi kijijini wanaofuata melimeli hata leo, na Mize hakuwasema vibaya. Alikwenda tu kuketi na Bi Tatu kuponda makumbi, kwa kuwa kuna kipande cha njia ya kusini kilichokuwa kimeanza kulegea.

Mwalimu aliyeutoa mfano huu alikuwa ameulizwa jambo dogo. Chama cha akina mama kilikuwa kimepata kompyuta, na wanachama wakabishana waiwekee kivinjari kipi cha kuingilia mtandaoni: kile huria, ambacho watu wengi wasiojuana wamekisokota na yeyote anaweza kukifumua akaona ndani, au kile cha kampuni, kilichojengwa juu ya hichohicho, laini zaidi, kinachomjua kila mtu kwa jina. Walitarajia awaambie kipi. Aliwatazama mmoja mmoja, akawauliza: siku utakapokuwa na mtoto wa kumficha, utataka mkono wako uwe umeshika kamba ipi?